Usishike Ukingo

Yudith alifeli jaribio la kuogelea kwa kosa la mkono wake wa kulia. Miguu haikuwa na shida. Pumzi haikuwa na shida. Hata woga, ambao wenzake wengi waliuonyesha waziwazi usoni, yeye alikuwa ameufungia ndani na ufunguo akauweka mfukoni. Aliruka kutoka jukwaani akiwa na kombati na buti, akaibuka, akavuka bwawa kwenda na kurudi, polepole lakini bila kusimama. Ikabaki sehemu ya mwisho, ile ambayo kila mtu huidharau: kukaa palepale majini, wima, bila kushika kitu chochote, mpaka filimbi ilie. Hapo ndipo mkono ulipokwenda ukutani. Yudith aligutuka tayari umeshika.

“Toka, Yudith,” akasema Sajenti Sendeu, mkufunzi wao.

“Afande, sikukusudia.”

“Najua hukukusudia. Ungekusudia, ningekurekebisha hapahapa.”

Sendeu alikuwa mtu wa Kisiwani, kule tambarare chini ya milima ya Upare, mtoto wa wafugaji aliyekulia kwenye vumbi na kuyajua maji marefu baada ya kuingia jeshini. Yudith alitoka juu ya milima hiyohiyo, upande wa Gonja. Kwa hiyo wawili hawa walikuwa watu wa wilaya moja, na utani ulikuwepo tangu siku ya kwanza ya kozi. Siku hiyo Sendeu hakutania. Alimsubiri akamue maji kwenye kofia, akamwambia kwamba yeye Yudith amefaulu, ila mkono wake ndio uliofeli, na jeshi halina namna ya kumpa mtu cheti likaunyima mkono wake.

“Una likizo,” akasema. “Nenda nyumbani kautafutie dawa. Ukirudi unapimwa mara ya pili. Ya tatu hakuna.”

Maana ya maneno hayo Yudith aliijua bila kuelezwa. Yeye alikuwa fundi wa injini za boti, na fundi mzuri. Injini zilizokuja zimekufa alizifungua, akazisafisha, akazifunga, akazitumbukiza kwenye pipa la maji nyuma ya karakana na kuziwasha. Zikishanguruma, wenzake walizibeba, wakazifunga kwenye boti na kuondoka nazo. Yeye alibaki na pipa. Asiyefaulu kuogelea hapandi boti ya kikosi, hata kama injini iliyoko nyuma ya boti hiyo imefufuliwa kwa mikono yake. Na aliyefeli mara mbili anahamishiwa kwenye karakana ya malori, nafasi yake anapewa mwingine. Yudith hakuwa na ugomvi na malori. Lakini alikuwa amezisikia injini zile zikipotelea mbali na maji, mara nyingi, na kila mara roho ilimuuma kama mtu aliyepika halafu akaambiwa asile.

Sasa, huo mkono uliutoa wapi ujeuri wake? Jibu lilikuwa nyumbani. Kule mlimani mtoto akianza kutembea, kitu cha pili anachofundishwa ni kushika. Njia ya kwenda shule ni ya mteremko, ya kwenda kanisani ni ya mteremko, na shamba lenyewe limening'inia ubavuni mwa mlima hivi kwamba mgeni akilitazama hujiuliza mahindi yanasimamaje. Mvua ikinyesha, udongo unateleza. Mguu ukiondoka, mkono uwe tayari umeshapata jani, mzizi, jiwe, gauni la mtu, chochote. Dorkas, mama yake Yudith, alikuwa na neno moja tu la njiani: “Shika!” Alilipiga kelele hata kabla mtoto hajateleza. Yudith alishika miaka yote ya utoto wake, na akafika utu uzima na mifupa yake yote mizima. Hakuna aliyejua kwamba siku moja atatakiwa asishike.

Alishuka kwenye basi la kutoka Same, akapanda bodaboda hadi pale ambapo bodaboda hukata tamaa, akamalizia kwa miguu. Mama yake alimpokea kwa makande na maswali. Yudith alipomweleza, Dorkas akauliza, “Kwa hiyo wanataka usishike, hata ukizama?”

“Nisizame, mama, na nisishike.”

“Haya mambo ya serikali,” akasema Dorkas, akamwongeza makande.

Kijijini hapakuwa na mto wa kuogelea. Kulikuwa na vijito vya kuloweka miguu, na kulikuwa na ndiva. Ndiva ni bwawa la kumwagilia, la udongo na mawe, walilolijenga mababu juu ya mashamba. Usiku maji ya kijito huingia humo kwa mfereji na kujaa. Alfajiri mlango hufunguliwa, na maji hushuka kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Ndiva ya kijiji chao ilikuwa pana vya kutosha mtu kuvuka akichoka, na katikati maji yalimpita Yudith kichwa. Tatizo lilikuwa kwamba hakuna mtu aliyeruhusiwa kuingia humo. Siku za msaragambo, kijiji kizima kilipokusanyika kuzoa tope, waliingia wote, lakini hapo maji yalikuwa yamekwisha kutolewa. Zamani watoto walitishwa kwa nyoka mkubwa anayelala chini ya maji. Nyoka hakuwepo. Kilichokuwepo ni ukingo wa udongo ambao unyayo mmoja wa kijinga ungeweza kuubomoa, na ukibomoka, maji ya mtu yanakwenda korongoni na shamba lake linakauka.

Mwenyekiti wa mfereji alikuwa baba mdogo wake Yudith, Sadock. Mtu angedhani mambo yangekuwa mepesi. Yakawa mazito zaidi, kwa sababu Sadock aliogopa kuambiwa anawapendelea wa kwake, na mtu anayeogopa kuambiwa hivyo huwa mkali kuliko mgeni. Jumapili baada ya ibada aliwaita wanamfereji nje ya kanisa, akaeleza ombi la Yudith la kujifunzia ndivani kwa sauti ya kulikataa.

Watu walisema yao. Mmoja alisema maji yatachafuka. Mwingine aliuliza kama jeshi limekosa mabwawa yake. Wa tatu akasema huyo ni mtoto wetu na akizama tutamzika sisi, si jeshi. Hapo Honorata akasimama, nao wakanyamaza.

Honorata alikuwa shangazi yake Yudith, dada mkubwa wa marehemu baba yake, na katika ukoo ule shangazi akisimama hata mwenyekiti hukaa. Alilima tangawizi katika shamba lililo karibu kabisa chini ya ndiva, na msimu ule kazi ya kufungua mlango kila alfajiri ilikuwa yake. Mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti iliyozoea kuita mtu wa ng'ambo ya bonde.

“Aingie,” akasema. “Atumie ngazi kuingia na kutoka, kabla sijafungua. Tope asilikanyage. Na ukingo asiuguse. Akiugusa, anaujenga.”

“Na akizama?” akauliza Sadock.

“Akizama ataniona nimekasirika.”

Wakakubali hivyo, Sadock shingo upande.

Asubuhi ya kwanza baridi ya mlimani ilikuwa imeshuka hadi kwenye majani ya migomba. Yudith alivaa ovaroli kuukuu ya karakana na buti zilizokwisha soli, akajifunga kamba kiunoni yenye dumu tupu upande wa pili, ili maji yakimshinda dumu limwinue. Dorkas alisimama na kanga mbili na chupa ya chai. Shangazi Honorata alikaa kwenye jiwe karibu na mlango, jembe mapajani. Ngazi ilikuwa ile ya mti ya siku za msaragambo. Yudith aliishuka, maji yakampanda magotini, tumboni, kifuani, na pumzi yake yote ikamtoka kwa mkupuo.

Kuvuka alivuka. Kisha akajaribu kusimama majini, pembeni, ambapo moyo ulimtuma asiende mbali na nchi kavu. Haukupita muda mkono ukaenda.

“Ukingo!”

Ile sauti ya shangazi ilimtoa Yudith kwenye ukingo kuliko ambavyo Sendeu angemtoa kwa filimbi kumi. Alitazama. Ganda la udongo lenye nyasi lilikuwa limebaki kiganjani mwake. Shangazi hakumtazama usoni hata kidogo. Alikuwa anatazama lile tundu.

“Ukitoka, karai liko pale,” akasema.

Adhabu ilikuwa hiyo: kushuka korongoni kuchimba udongo wa mfinyanzi, kuupandisha kwa karai, kukata nyasi na mizizi yake, kupachika, na kushindilia kwa mchi mpaka shangazi apitishe kisigino chake na kuridhika. Shangazi hakuwa mtu wa kuridhika haraka. Asubuhi hiyo ya kwanza Yudith aliugusa ukingo mara nyingi kuliko alivyotaka kukumbuka, na mchana alikula kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa umekufa ganzi. Alijisemea kwamba unastahili.

Habari zilienea, na watu wakaanza kupitia pale kwa visingizio. Kijiji kile hakikuwa na mtu hata mmoja aliyejua kuogelea, kwa hiyo ushauri ulikuwa mwingi. Mwalimu wa kwaya alimwambia avute pumzi kama anayesubiri kibwagizo. Jirani aliyewahi kufika Tanga alimwambia maji ya chumvi humbeba mtu yenyewe, kwa hiyo kama mapafu yanamshinda aombe uhamisho. Mama mmoja alimshauri asali kwanza, akasali, akashika ukingo, mama akasema basi hajasali vizuri.

Yudith naye alikuwa na mbinu zake. Aliufunga mkono kwenye mkanda wa ovaroli, akapinduka ubavu na kunywa maji mengi ya kumwagilia tangawizi. Aliupa kijiti uwe na cha kushika, mkono ukakitupa kijiti ukashika ukingo. Aliutukana kimoyomoyo, kisha kwa sauti, na Dorkas akamkumbusha kwamba ni mkono wa kuzaliwa nao. Yudith alicheka, lakini kicheko kilikuwa chembamba. Siku zilikuwa zinakwenda, na yeye bado alikuwa mtu wa pipa.

Kilichousaidia mkono ni uchovu wa kukandika ukingo kila siku. Asubuhi moja aliingia majini mabega yakimuuma kwa kazi ya jana, na viganja vyake, bila kuambiwa, vikaendelea na kazi ileile: kupapasa, kusawazisha, kulaza kitu kilicho laini mbele yake, huku na huku. Sendeu alikuwa amemfundisha jambo hilohilo kwa maneno na kwa vitendo, na kichwa chake kilikuwa kimelielewa, ila mkono haukuwepo darasani. Sasa ulielewa. Yudith alikaa palepale, maji yakimgusa kidevu, miguu ikizunguka chini taratibu mbali na tope, mikono ikiyakandika maji kana kwamba ni ukuta wa nyumba. Alikaa hivyo mpaka meno yakaanza kugongana. Jiweni palikuwa kimya.

“Shangazi,” akaita, “umelala?”

“Nafungua maji,” akasema Honorata. “Toka.”

Aliondoa dumu. Akaacha mazoea ya kukaa pembeni, akasogea katikati, akarudi pembeni kwa makusudi, hatua moja tu kutoka ukingoni, maana ukuta wa bwawa la jeshi ungekuwa karibu vilevile. Mkono ulikuwa bado unastuka mara mojamoja, unanyanyuka kama mwanafunzi anayetaka kujibu, lakini akiukumbuka udongo wa korongoni unarudi chini. Akaanza kuamini. Usiku alilala akiisikia injini ndani ya kichwa chake, na safari hii ilikuwa haiendi mbali naye.

Kisha likaja lile jambo la mwisho wa likizo. Ilikuwa asubuhi ya ukungu, ngazi yenyewe haionekani vizuri, na maji yalikuwa ya baridi kupita siku zote. Yudith alikuwa katikati ya zoezi mguu wa kushoto ulipobana. Si kubana kwa kawaida. Msuli wa nyuma ulijikunja ukawa jiwe, maumivu yakapanda hadi kiunoni, akaenda chini, akayameza maji, akaibuka, na hapo mikono yote miwili ikaenda ukingoni na kushika kwa nguvu zote za mtu asiyetaka kufa. Ukingo ukaja nao. Kipande kikubwa, na nyasi zake, na mawe mawili ya mababu.

Alijiburuta hadi kwenye ngazi. Alipogeuka alisikia maji kabla hajayaona. Yalikuwa yanatoka kwenye ule mwanya, mwanzo kidogo, kisha kwa furaha, yakishuka korongoni ambako hakuna shamba la mtu. Shangazi aliruka kutoka jiweni akiita watu. Walikuja wakikimbia na makarai, na magunia, na Sadock akiwa na suruali iliyokunjwa mguu mmoja tu. Walipofaulu kuziba, jua lilikuwa limetoka na ndiva ilikuwa imebaki nusu. Na zamu ya maji siku hiyo ilikuwa ya Honorata mwenyewe. Tangawizi yake ilikuwa imeshaanza kukunja majani kwa kiu.

Yudith alisimama pale akitetemeka ndani ya kanga, tope hadi masikioni, na aibu aliyokuwa nayo haikuwa ndogo. Jeshini alikuwa amefeli peke yake. Hapa alikuwa amemwangusha mtu mwingine. Angependa shangazi amgombeze, lakini shangazi alikuwa ameinama kwenye ule mwanya uliozibwa, anabonyeza udongo kwa kidole gumba.

“Mimi nilisema,” akaanza Sadock, akihema. “Nilisema tangu Jumapili ile. Basi. Imetosha. Huyu haingii tena humu.”

Wengi walitikisa vichwa kukubali. Honorata akanyanyuka, akafuta mikono.

“Mguu ulibana kweli?” akamuuliza Yudith.

“Ulibana, shangazi.”

“Uliona unakufa?”

Yudith alitaka kusema hapana. “Niliona,” akasema.

“Basi hapo ulishika sawa.” Akawageukia wengine. “Sikusema mtoto afe kwa ajili ya tangawizi. Nilisema akigusa anajenga. Atajenga. Na kesho ataingia.”

“Dada, maji yako yamekwenda,” akasema Sadock.

“Ni yangu yaliyokwenda, Sadock, si yako. Huyu akitoka leo hapa na hofu hiyo, hata kwenye beseni hataingia tena, na mimi nitakuwa nimepoteza maji bure.”

Yudith alijenga siku nzima. Mama yake alimsaidia kupandisha udongo, ingawa hakuombwa, na jioni Honorata alipitisha kisigino chake juu ya kazi yao mara mbili bila kusema neno, jambo ambalo kwa Honorata ni sifa. Tangawizi ya matuta ya chini ilikufa. Yudith aliiona imekufa alipopita, na shangazi alimwona ameiona.

Alfajiri iliyofuata alirudi kwenye ngazi na kusimama juu yake kwa muda mrefu. Mguu ulikuwa bado unauma pale msuli ulipojikunja. Aligeuka na kumwona shangazi yuko mahali pake jiweni, lakini jembe halikuwa mapajani. Alikuwa ameligeuza, chuma kwake, mpini umeelekezwa majini.

“Ukibanwa tena, huu hapa,” akasema Honorata. “Ukingo wangu uache.”

Yudith akaingia. Aliogopa waziwazi safari hii, ufunguo haukuwa mfukoni tena, machozi yakamtoka na kuchanganyika na maji, na mikono ikaendelea kukandika. Hakubanwa, na mpini haukuhitajika. Ulielekezwa majini vilevile kila alfajiri mpaka siku aliyoondoka.

Siku ya jaribio bwawa la kambini lilikuwa limetulia, na kitu cha kwanza kilichomshtua Yudith ni kwamba maji yake yalionekana hadi chini. Kwenye ndiva alikuwa hajawahi kuona hata magoti yake. Hapa aliona vigae vyote, kule mbali, kana kwamba ameambiwa aruke kutoka juu ya mwamba. Mkono wa kulia ukastuka. Akaugandamiza pajani.

Akaruka. Akaibuka, akavuka, akarudi, buti zikimvuta. Kisha Sendeu akanyoosha kidole kuonyesha mahali pa kusimama, na mahali penyewe palikuwa kando ya ukuta. Yudith alijua kwamba amepangiwa hapo makusudi. Ukuta ulikuwa mweupe, mkavu kwa juu, wenye pembe nzuri ya kushika.

Mwenzake mmoja upande wa pili alishika, akatolewa. Maji yakampiga Yudith mdomoni. Mguu wa kushoto ukaanza kunong'ona, palepale pa siku ile, na mkono ukatoka majini. Uliinuka kabisa, vidole vimefunguka, na Sendeu akaiweka filimbi mdomoni tayari kumwita. Yudith aliutazama mkono wake. Kichwani aliisikia sauti iliyozoea kuita watu wa ng'ambo ya bonde, akaona ganda la udongo na matuta ya tangawizi yaliyokunja majani, na mkono ukashuka. Alilegeza mguu, akalala nyuma kidogo, akaendelea kukandika.

Filimbi ilipolia hakuisikia mara ya kwanza. Ikabidi ipigwe tena.

“Mkono ule umeupeleka wapi?” akauliza Sendeu, akimpa taulo.

“Nimeuacha kwa shangazi, Afande.”

“Shangazi ni mkufunzi?”

“Ni mkulima wa tangawizi, Afande.”

Sendeu, mtoto wa Kisiwani, akatikisa kichwa kama anayewajua shangazi wa mlimani. “Jumatatu unaanza kazi kwenye boti,” akasema. Yudith alikwenda nyuma ya karakana, akasimama mbele ya lile pipa, akalia kwa furaha mpaka kwikwi ikamshika.

Alipopata ruhusa fupi kabla ya kikosi chake kuondoka, mvua zilikuwa zimeanza mlimani. Alipanda na mfuko wa sukari, na kitenge cha shangazi, na mbegu za tangawizi alizozitafuta mwenyewe kwa ajili ya matuta yale ya chini. Dorkas alimsindikiza kwenda shambani kwa Honorata. Njia ilikuwa ileile ya utoto wake, ya mteremko, udongo mwekundu ukiwa umelowa na kung'aa. Yudith alitangulia, akisimulia habari za boti, akigeuka nyuma kila mara.

Mguu ukaondoka.

“Shika!” Dorkas akapiga kelele.

Kulia kulikuwa na nyasi. Kushoto kulikuwa na mzizi wa mti aliokuwa ameushika mara maelfu, umelainika kwa viganja vya watu wa kijiji kizima. Yudith hakushika hata kimoja. Mikono yake ilifunguka pembeni, viganja chini, ikaanza kuikandika hewa, na yeye akateremka kwa mgongo, na mfuko wa sukari, na kitenge, akakatiza tuta la kwanza, la pili na la tatu, akasimama miguuni kwa shangazi yake.

Honorata alimtazama. Kisha akaanza kucheka, kicheko kirefu kisichokuwa cha kawaida yake, na Yudith naye akacheka akiwa amelala kwenye tope. Dorkas hakucheka. Alikuwa juu pale njiani, mkono wake mwenyewe umeushika ule mzizi, anatazama chini. Alikuwa ameuona vizuri ule mkono wa binti yake ukipita kando ya mzizi kama kitu kisichoujua. Alijua sasa kwamba mtoto amefaulu kweli, na kwamba huko aendako neno lake halitamfaa tena. Roho ilimuuma, na akafuta macho kwa ncha ya kanga.

“Tangawizi zangu umezimaliza sasa,” akasema Honorata. Aliinama, akamnyooshea mkono wake mkavu wenye udongo. “Haya. Hapa shika.”

Yudith alikuwa bado amekunjua viganja. Ilibidi auambie mkono wake. Akauambia, ukanyanyuka, ukashika.